UZI: Miaka minne Puerto Vallarta, Mexico. Kama unafikiria kuhamia mji wa ufukweni jumla, njoo kwanza mwezi wa tisa

Raskazone_Kwetu:

Wakuu habari za saa hizi. Kila wiki napata meseji mbili tatu za ndugu zetu walioko Marekani na Canada, wanauliza vipi huko Mexico, maisha ni nafuu kweli, nikibeba familia nikahamia jumla inawezekana? Nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike mara moja, mwenye swali aulize hapa hapa faida iwe ya wote.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, utoto wangu wote ni Raskazone na kule Deep Sea kwa wavuvi. Nilienda Marekani nikakaa Columbus, Ohio miaka 17, nikachukua uraia, kazi yangu ni ya bili za hospitali, yaani kuandaa madai ya bima, na baada ya korona ofisi ikasema fanyieni nyumbani moja kwa moja. Nikaomba ruhusa kwa maandishi ya kufanyia kazi nje ya nchi, wakanikubalia, Oktoba 2021 tukaja huku mimi, mke wangu na binti yetu ambaye wakati huo alikuwa na miaka 8. Mwezi uliopita imetimia miaka minne na nimepewa kadi ya ukaazi wa kudumu, ndo maana naona sasa naweza kuongea.

Neno langu kubwa ni moja: usiamue kwa mwezi wa pili.

Mwezi wa pili mji huu ni pepo. Jua la kistaarabu, usiku unavuta shuka jepesi, kwenye Ghuba ya Banderas nyangumi wanaruka unawaona hata ukiwa umekaa ufukweni (wanakuja kuzaa na kupandana kuanzia Disemba mpaka Machi), barabara ya ufukweni wanayoiita Malecón imejaa muziki na watoto na sanamu za shaba, bahari imetulia. Watu wanakuja wiki mbili hivi, wanakaa hoteli, wanarudi Minnesota kwenye barafu wanaandika barua ya kuacha kazi. Mimi mwenyewe nilipenda mji huu kwa safari ya siku tisa mwezi wa pili 2020.

Sasa njoo mwezi wa tisa. Mvua zinaanza katikati ya Juni mpaka katikati ya Oktoba, na siyo mvua ndo shida, mvua inapiga usiku na radi zake asubuhi imekata, shida ni unyevu. Joto siyo lile la Tanga ambalo jioni upepo wa bahari unakuokoa. Huku nyuma ya mji ni milima ya Sierra Madre imesimama kama ukuta, hewa inajikusanya hapo, unatoka kuoga unajifuta unalowa tena kabla hujavaa shati. Septemba 2022 nilifungua kabati kuchukua viatu vya ngozi nilivyofungia ndoa nikavikuta vimeota manyoya ya kijani, kuvu kote, mkanda pia, pasipoti zimejikunja kama majani ya mgomba yaliyokauka. Chumvi inakula kila kitu, friji ilianza kutoboka kutu chini kwa miezi kumi na moja tu. Maduka na mikahawa mingi ya mjini kati inafunga mwezi mzima maana wageni hakuna, wafanyakazi wake wanakaa bila mshahara, mji unakuwa wa wenyeji peke yao. Na ukiwasha AC masaa yote kama ulivyozoea Marekani utakutana na bili. Umeme huku ni wa shirika la serikali, CFE, bili inakuja kila miezi miwili na serikali inaweka ruzuku kubwa, ila wastani wako wa miezi 12 ukivuka kiwango wanakuhamishia daraja linaitwa DAC, ruzuku yote inaondoka. Sisi tulivuka. Ilituchukua karibu mwaka kurudi chini, tukajifunza kulala na feni, madirisha wazi na neti, AC ni chumba kimoja saa tatu usiku mpaka saa sita basi.

Halafu vimbunga. Tarehe 10 Oktoba 2023 kimbunga Lidia kilitua kusini mwa mji kikiwa daraja la 4. Tulikuwa tumejaza ndoo, tumetoa maua barazani, nimebandika madirisha, nikajiona nimejiandaa. Upepo ulipofika maji hayakutoka juu wakuu, yalikuja ubavuni, yakaingia kwenye tundu za reli za dirisha la kioo kama mtu ameshika mpira wa maji anakulenga. Tukakunja mataulo yote ya nyumba, mke wangu anakamua kwenye beseni, binti anapokezana nami kuyarudisha, hivyo hivyo masaa matatu gizani. Asubuhi miembe imelala barabarani na siku nne hatukuwa na umeme. Na sisi tulipona. Wiki mbili baadaye, tarehe 25, Otis ikaipiga Acapulco kwa daraja la 5, ilipata nguvu ndani ya siku moja tu watu hawakupata hata muda wa kujipanga. Anayetaka kuishi pwani hii ajue kwamba hili ni sehemu ya kodi.

Kwa nini basi hatujaondoka? Wiki ile ya Lidia ndo nilijua tumekuwa watu wa mtaa. Tunaishi Pitillal, zamani kilikuwa kijiji sasa kimemezwa na mji, hakuna watalii. Jirani yangu, mama wa makamo, alipika maharage sufuria moja kubwa kwa gesi yake ya mtungi akagawa nyumba sita, hakuuliza nani mgeni nani mwenyeji. Mimi nilikuwa na betri la kuchajia la kazini nikaweka barazani simu za mtaa mzima. Sasa niambie ningekuwa nakaa kwenye maghorofa ya kule Zona Romántica, mtaa wa watalii, ambako lifti imekufa na kila mtu amejifungia, ningemjua nani?

Maswali leteni, za makaratasi ntajibu kwa kadiri nilivyopitia.

mama_wawili:

Kaka asante sana, niko Minneapolis na hii ndo theluji imeshaanza, umenikatisha tamaa na umenipa moyo kwa wakati mmoja. Naomba unieleze mambo mawili, karatasi za ukaazi zinaanzia wapi, na shule ya mtoto ulifanyaje maana wangu wana miaka 7 na 11 na Kihispania hawajui hata salamu.

Raskazone_Kwetu:

Dada karibu. Karatasi zinaanzia nje ya Mexico, hilo watu wengi hawalijui. Unaenda ubalozi mdogo wa Mexico ulio karibu nawe, unaonyesha taarifa za benki, wakikubali wanakubandikia viza kwenye pasipoti, ukiingia Mexico una siku 30 za kwenda ofisi ya uhamiaji kuibadilisha iwe kadi. Ya kwanza ni mwaka mmoja, halafu unaongezewa mpaka mitatu, ikitimia minne unaomba ya kudumu. Usiingie na kibali cha utalii ukitegemea utabadilisha ndani, huwezi kirahisi, na siku 180 siyo haki yako, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuandikia 30 akipenda.

Kipato ndo mtihani. Wanapiga hesabu kwa siku za kima cha chini cha mshahara wa Mexico, na serikali yao imekuwa ikipandisha hicho kima kila Januari kwa nguvu sana (jambo jema kwa wafanyakazi wao, silalamiki). Mwaka 2021 kima kilikuwa peso 141.70 kwa siku, mwaka 2025 kikafika 278.80. Kwa hiyo mimi nilipita nikionyesha dola elfu mbili na kitu kwa mwezi, mwaka 2025 walikuwa wanataka zaidi ya elfu 4 kwa mwezi kwa miezi 6, na kila ubalozi mdogo una namna yake, piga simu kabla hujafunga safari.

Lingine, wewe una uraia au grini kadi? Kama ni grini kadi tulia kwanza. Grini kadi ni ya mtu anayeishi Marekani, ukikaa nje zaidi ya miezi 6 wanaanza kukuhoji, ukizidisha mwaka bila kibali cha kurudi unaweza kuipoteza kabisa. Namjua Mtanzania mwenzetu aliyekaa huku miezi kumi na nne, kilichomkuta uwanja wa ndege wa Houston sitaki kimkute mtu. Na kama ni raia kumbuka kodi ya Marekani unaendelea kujaza kila mwaka popote ulipo duniani.

Shule tulimpeleka ya serikali. Ile ya binafsi inayofundisha lugha mbili tuliiangalia, ada ilikuwa inakula faida yote ya kuhama. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anarudi analia, dada sitakuficha, alikuwa anakaa peke yake mapumziko na mimi nilikuwa nalala macho natazama dari najiuliza nimemfanyia nini mwanangu. Mwalimu wake akamweka dawati moja na mtoto mwongeaji sana. Krismasi ilipofika anaota kwa Kihispania, namsikia chumbani. Kila Jumatatu wanapanga mstari uani kwa bendera na wimbo wa taifa, na yeye anaimba wote kwa kichwa. Wa miaka 7 wako atashika haraka, huyo wa 11 ndo umwandae, mtafutie mwalimu wa mtandaoni hata miezi sita kabla.

Na wewe mwenyewe usiogope Kihispania, sisi Waswahili tuna bahati. Irabu ni zile zile tano, neno linasomwa linavyoandikwa, na maneno mengine tulishakopa kwa Wareno karne nyingi: meza ni mesa, bendera ni bandera, bomba ni bomba, padri ni padre. Hata sukari na azúcar ni ndugu, wote watoto wa Kiarabu. Mimi nilipoambiwa ghuba inaitwa Bahía de Banderas nilielewa bila kufundishwa. Wamarekani wa miaka kumi hapa bado wanaita kwa kubana pua, wewe siku ya kwanza utatamka vizuri, watu watakuchangamkia.

Chuma_Tatu:

Mkuu mimi niko Dar, sina pasipoti ya Marekani wala nini. Nasikia Mexico ni rahisi kuingia halafu pale unavuka. Nipe ramani.

Raskazone_Kwetu:

Mdogo wangu, ya kuvuka sitakupa na nakuomba kama kaka yako uifute. Kule kusini Tapachula nimeongea na vijana wa Congo, wa Cameroon, wa Guinea, waliotembea msitu wa Darién kule Panama wakaona wenzao wanabaki njiani, wakafika Mexico wakakwama miezi na miezi, hawawezi kwenda mbele hawawezi kurudi nyuma. Mmoja alikuwa anaongea Kiswahili cha Bukavu, tulipomaliza kuongea alinishika mkono hakuuachia kwa muda mrefu. Sijamsahau.

Ukitaka kuja Mexico kama Mexico, kusoma, kazi, biashara, njia ipo. Ubalozi wao uko Nairobi na ndo unaohudumia Tanzania pia. Mtanzania anahitaji viza, isipokuwa kama una viza hai ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa nchi kama Canada, Uingereza au za Schengen, hapo unaingia kutembea bila viza ya Mexico. Vyuo vyao vinapokea wageni na ada siyo za Marekani. Hiyo njia nipigie hata usiku ntakusaidia.

pwani_ya_pili:

Me niko Playa del Carmen mwaka wa pili sasa, upande wa Karibi. Naona kama unawatisha watu. Huku intaneti kali, kila mtu anaongea Kiingereza, kondo, yaani fleti ya kisasa, ina bwawa na AC, sijawahi kuona hayo makuvu. Kuishi Pitillal ni uamuzi wako, si lazima mtu ateseke ndo aseme anaishi Mexico. Ila na mimi niseme ukweli, kuanzia Aprili hivi mpaka Agosti bahari inatapika mwani ule wa kahawia, sargazo, ufuko mzima unanuka yai viza, wanauzoa kwa matrekta asubuhi jioni umerudi. Kwenye picha huwezi kuuona.

Raskazone_Kwetu:

Mkuu heshima yako, na asante kwa hilo la mwani, pwani ya Pasifiki hatuna shida hiyo kwa kiasi hicho, mtu wa Zanzibar akisikia mwani anafikiria hela za akina mama, kumbe huko ni balaa.

Sisemi watu wateseke. Ninachosema ni hesabu na ni watu. Hesabu: kondo yenye bwawa katikati ya mji wa watalii inakaribia kodi ya Ohio, ukiongeza AC umepita. Na mwaka 2023 mpaka katikati ya 2024 peso ilipanda nguvu, dola moja ikawa inapata chini ya peso 17 wakati sisi tulikuja ikiwa karibu 20, waliokuwa wamebana bajeti kwenye maghorofa wengi walifungasha. Sisi nyumba ya vyumba viwili Pitillal tunalipa peso 13,500, tulistahimili.

Watu: wahudumu wanaokuletea chai hapo Zona Romántica (jina lake halisi ni mtaa wa Emiliano Zapata) zamani walikuwa wanaishi mtaa huo huo. Kodi imewasukuma, leo wengi wanalala San José na San Vicente, ng'ambo ya mto Ameca jimbo la Nayarit, wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi basi. Waliowasukuma ni sisi wenye dola. Mimi pia nimo, na linaniuma. Nimeshindwa kulimaliza ila nimeamua nisipange nyumba kwa bei ya kitalii, ninunue sokoni kwao, niongee lugha yao, na nikodi kwa mwenyeji aishiye hapo hapo. Kama kuna mtu ana wazo zaidi ya hilo naomba aliweke.

kilindini001:

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu umeongea vizuri lakini mambo mawili umeyaruka, usalama na rangi yetu. Jalisco, jimbo la hiyo Vallarta yako, si ndiyo makao ya lile genge kubwa la dawa za kulevya? Na mtu mweusi wanamtazama vipi huko?

Raskazone_Kwetu:

Ndugu yangu wa Mombasa swali la haki hilo. Ndiyo, jimbo la Jalisco lina genge kubwa mno na ni kati ya majimbo yenye watu wengi zaidi waliopotea wasijulikane walipo. Vallarta yenyewe mchana na jioni natembea na familia bila hofu, kuliko hata baadhi ya mitaa ya Columbus. Lakini ukinyanyua macho kwenye nguzo za umeme utaona karatasi, sura ya kijana, umri, nguo alizovaa mara ya mwisho, simu ya mama yake. Kuna akina mama wanaoitwa buscadoras, wanatafuta watoto wao wenyewe kwa sururu na koleo mashambani. Karatasi moja ilikaa nguzo ya karibu na kituo chetu cha basi miezi saba, mvua ikaifuta sura, mtu akaja akabandika mpya. Mtu anayekwambia mji huu ni salama tupu hajasoma nguzo.

Kwa mgeni hatari ya kila siku ni nyingine. Usijiingize kwenye dawa za kulevya wala watu wake. Juni 2025 ubalozi mdogo wa Marekani Guadalajara ulitoa tahadhari ya watu kutekwa baada ya kukutana na wapenzi wa kwenye programu za simu hapa Vallarta na mji jirani wa Nuevo Nayarit, ukikutana na mtu iwe sehemu ya wazi. Na wanaokuzengea uwanja wa ndege na ufukweni kukuuzia wiki za hoteli kila mwaka, kataa. Wazee wa Kimarekani wamelizwa akiba zao zote, Wizara ya Fedha ya Marekani imekuwa ikiweka vikwazo tangu 2023 kwa utapeli wa namna hiyo unaohusishwa na genge.

Rangi: wananitazama, ndiyo. Wananiita moreno, wengine negro wakimaanisha upole kabisa, mwanzo lilinichoma. Swali la kwanza daima ni Cuba? Haiti? Kwenye mabasi ya safari ndefu maafisa wa uhamiaji wakipanda wanapita abiria wote wanakuja kwangu, kwa hiyo kadi ya ukaazi haitoki mfukoni hata naenda kununua nyanya. Nimeshushwa mara mbili. Mara zote mbili niliachwa niendelee, ila kushushwa mbele ya mtoto wako unabaki nako.

Lakini kuna kitu sikujua kabla sijaja. Mexico ina watu weusi wake wa karne nyingi. Pwani ya Costa Chica, Guerrero na Oaxaca, na kule Veracruz. Rais wao wa pili Vicente Guerrero alikuwa na damu ya Afrika na ndiye aliyefuta utumwa mwaka 1829. Katiba imewatambua 2019 tu, na sensa ya 2020 ilipowauliza kwa mara ya kwanza watu zaidi ya milioni 2.5 walisema sisi ni wenye asili ya Afrika. Mwaka jana tulisafiri mpaka mji wa Cuajinicuilapa, huko Costa Chica, kuna makumbusho yao. Bibi mmoja sokoni alimshika binti yangu nywele akamwambia wewe ni wa hapa. Alivyofurahi yule mtoto.

Fundi_Seremala:

Kununua nyumba au kiwanja vipi mkuu? Nina akiba kidogo, kodi sipendi.

Raskazone_Kwetu:

Kodi kwanza mwaka mzima kaka, tena mwaka wenye Septemba ndani yake.

Katiba yao kifungu cha 27 inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani. Njia halali ni amana ya benki, fideicomiso, benki inashika hati kwa niaba yako miaka 50 na inaongezwa, unaweza kuuza, kurithisha, kujenga. Gharama ipo ya kufungua na ya kila mwaka. Kinachoua watu ni ardhi ya ejido, ardhi ya jumuiya za wakulima iliyogawiwa baada ya mapinduzi yao, inauzwa bei ya kutupa na mgeni haiwezi kuwa yake mpaka ibadilishwe kisheria iwe ya binafsi.

Mwaka wangu wa pili nilipenda kiwanja kijiji kimoja kusini, kilima, unaona bahari, minazi minne. Dalali kijana mzuri, Kiingereza safi, akaniambia toa peso 40,000 tukushikie maana kuna Mcanada anakitaka. Nikatoa, akanipa karatasi yenye mhuri. Jirani yangu yule yule wa maharage aliponiona nimefurahi akauliza umeenda kwa notario? Huku notario siyo wakili wa kugonga mihuri, ni mwanasheria wa ngazi ya juu anayewajibika kwa hati. Nikaenda kwa notario, akatafuta kwenye masjala ya ardhi, dakika kumi akarudi akanigeuzia skrini nione mwenyewe: ejido. Dalali simu ikawa haipokelewi. Zile 40,000 sikuziona tena na zilikuwa hela za mke wangu za kufungua duka la kushona. Fanya kinyume changu, notario kwanza, hela baadaye, na umchague wewe siyo dalali.

shangazi_wa_Chuda:

Mwanangu nimesoma mwanzo mpaka mwisho, nimefurahi kuona mtoto wa Tanga. Matibabu je? Na mnakula nini huko, ugali mnapata?

Raskazone_Kwetu:

Shikamoo shangazi. Matibabu, homa na vidonda unaenda famasi, pembeni yake kuna kijichumba cha daktari, mara ya mwisho nililipa peso 60 kuonwa. Makubwa tumejiunga na bima ya serikali ya IMSS kwa hiari, tunalipa kwa mwaka, ila kuna magonjwa ukija nayo hawakukubali au wanakusubirisha, na ile Medicare ya wazee wa Marekani huku haifanyi kazi. Wazazi wa umri wenu wasihame bila kulifikiria hilo.

Ugali shangazi ulitutesa. Mahindi yamejaa, lakini unga wao umepikwa na chokaa kwanza ndo ukasagwa, ni wa tortilla, ukisonga unanata na harufu yake siyo. Tunaletewa unga na wanaokuja kutoka Marekani. Vingine vyote ni kwetu. Embe bichi na chumvi na pilipili nje ya shule kama pale kwetu. Ukwaju wanakunywa, rozela wanakunywa wanaiita jamaica, madafu kila kona, ukimaliza maji wanakupasulia nyama wanakamulia ndimu. Samaki wanaobanikwa kwa mkaa wa mikoko. Fulusi yupo, hapa jina lake dorado.

Na shangazi, kuna tembo la mnazi! Wiki ya kwanza napita Malecón naona mzee ana kibuyu kikubwa, anamimina kitu cheupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, anatupia vipande vya tufaha na karanga. Nikaonja. Nilisimama pale na glasi mkononi nikashindwa kumeza ya pili haraka, ni lile lile la asubuhi kabla halijachacha, la mgema ametoka kushuka. Wanaliita tuba. Kugema walifundishwa na Wafilipino walioletwa na merikebu za Manila, zile zilizokuja Acapulco kuanzia 1565 mpaka 1815. Ila kupikia nazi hawajui, tui kwenye wali waliniona wa ajabu.

Binamu yangu alipokuja 2023 alinibebea mbuzi ya kukunia, ya mti wa mwembe, ya marehemu bibi. Forodha waliigeuza geuza wakaiachia. Siku ya kwanza nimekaa barazani nakuna, jirani akaja akasimama mlangoni, akauliza anaweza kujaribu, akakalia upande upande na sketi yake, akakuna nazi nzima kimya. Sasa Jumapili anakuja na nazi yake.

Saa mbili usiku ya huku Tanga ni saa kumi na moja alfajiri, mwaka mzima haibadiliki maana Mexico waliacha kusogeza saa 2022. Huo ndo muda nampigia mama anapoamka kuswali. Jumamosi usiku huwa nakuna ya kesho, naweka simu pembeni kwenye kigoda, anasikiliza, haongei sana siku hizi. Ananiuliza tu, za leo ngapi?